Kiti cha Nyanchoka Sokoni Kebirigo

Nyanchoka wa Kebirigo ndiye muuzaji wa ndizi ambaye sijawahi kumshinda. Mimi hununua ndizi za kujaza lori linalongoja Keroka, na kazi hii imenifunza kutazama miguu ya muuzaji kabla ya kutazama mikungu yake. Aliyesimama bado ana nguvu. Aliyekaa amechoka, na aliyechoka hushusha bei. Nyanchoka alilijua hilo, kwa hivyo hakukaa. Tangu asubuhi hadi mkungu wa mwisho upakiwe, alikuwa wima kama nguzo ya stima.

Gharama iliangukia mguu wa kushoto. Mishipa ilikuwa imevimba na kujikunja chini ya ngozi, kutoka nyuma ya goti hadi kwenye kifundo, minene kama kamba. Kufikia mchana mguu ulikuwa mzito, unawasha, na ngozi ya kifundoni imegeuka nyeusi. Yeye akajitibu kwa alichokuwa nacho: kamba ya mgomba, ile tunayofungia mizigo. Alijifunga chini ya goti, akakaza, ati uvimbe usipande.

Haukupanda. Ulijaa pale pale chini. Siku moja ya soko kona ya kreti ikamgonga kifundoni, mshipa ukapasuka. Damu iliruka hadi kwenye ndizi. Wenzake walipiga mayowe. Nyanchoka akalala chini, akainua mguu juu ya mkungu, akabana kidonda kwa leso, kisha akaniita kwa jina.

"Nyangau, mbona umesimama kama umeona harusi? Kata hii kamba, lete pikapu yako. Na bei ni ile ile niliyokwambia."

Nilimpeleka hospitalini Kisii. Daktari Nereah, binti wa upande wa ziwa, aliupima mguu kwa mashine, akaona damu inarudi chini badala ya kupanda. Kisha akaiona alama ya kamba.

"Mama, hapa ulikuwa unaifungia damu njia. Bandeji huanzia kwenye vidole, ikapanda."

Akamfunga vizuri, akamwandikia soksi za kubana za kuvaa kidonda kikishafunga, na baadaye upasuaji wa kuuziba ule mshipa. "Na usisimame mahali pamoja. Tembea. Ukipumzika, kaa, mguu juu."

"Daktari, tusikilizane. Siku za soko nisimame, hizo zingine nikae."

"Mguu haupatani bei, mama."

"Kila kitu kinapatana bei."

"Basi ukipasuka tena ukiwa peke yako shambani, utapatana na nani?"

Nyanchoka akaikunja karatasi ya daktari, akatoka akichechemea. Tulipofika kwenye gari ndipo akasema, "Nikikaa, nyinyi mtaninunua mimi pamoja na ndizi."

Sikumbishia. Nilikuwa nimeshaanza kuifikiria bei ya chini.

Kidonda kilipofunga, akarudi sokoni. Alipanga kreti za soda, akalaza mbao juu yake, juu ya mbao akaweka kiti, na mbele ya kiti mkungu mnene wa kuegemeza mguu. Soksi ilikuwa imevutwa hadi gotini. Kila baada ya muda alishuka, akazunguka soko, akapanda tena. Sisi wanunuzi tulikuwa chini tukiinua shingo, kama waumini mbele ya mchungaji.

"Siku hizi wewe ni chifu?" nikamuuliza.

"Chifu gani anakaa juu ya kreti, tata?" akasema, akiniita baba kwa Kikisii. "Taja bei."

Nikataja. Akatazama mawingu. Nikaongeza kidogo. Akausogeza mguu ukae vizuri juu ya mkungu, akaanza kuzungumza na jirani yake habari za mvua. Jua likapanda. Dereva wa lori alikuwa akinipigia simu kutoka Keroka, na magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika. Nikaomba kiti.

"Sina kingine," akasema. "Simama tu, Nyangau. Lakini usisimame sana, utaharibu mishipa."

Nikalipa bei yake, nikaenda kutafuta mahali pa kukaa.