Zamu ya Kihara

Wamaitha hana simile na mbao iliyopinda. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja kiwandani hapa Elburgon, yeye akipima, mimi Nangila nikipanga, na sijaona mnunuzi aliyemshawishi apitishe futi moja mbovu. Wenye malori humwita Mathe Futi, yaani mama wa futi. Yeye huona ni sifa.

Mwanawe Kihara alikuwa mwanajeshi. Bomu la barabarani lilimuua Somalia akiwa na miaka ishirini na minne, hana mke wala mtoto. Tangu tumzike, miaka saba sasa, Wamaitha husema "kijana wangu" au "yule wa jeshi". Mimi nilidhani ni mazoea tu.

Agosti, dada yake Kihara, Shiru, akajifungua mvulana wa nne. Kwa Wakikuyu majina yana foleni: mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu ndugu ya baba, wa nne ndugu ya mama. Shiru alikuwa na kaka mmoja tu, na ameapa hazai tena. Mtoto huyu akipewa jina lingine, hakuna Kihara mwingine atakayezaliwa.

Tukafunga viazi na unga wa uji, tukaenda kwake Nakuru. Mama mkwe wa Shiru, Nyakio, alikuwa ametutangulia. Karatasi ya hospitali ilikuwa mezani, pa jina pakiwa patupu wiki ya pili.

"Mama Shiru, usikasirike," Nyakio akasema. "Hilo jina ni zito. Si tumpe mtoto jina la mtu ameishi?"

"Aliishi," Wamaitha akajibu. "Miaka ishirini na nne. Mimi ndiye nilikuwa nampikia."

Nyakio akanywea. Nikajua tumeshinda. Kumbe kikwazo hakikuwa yeye.

"Mum, mimi nataka hilo jina," Shiru akasema, mtoto mapajani. "Lakini wewe hujalitaja tangu tumzike. Hata mara moja. Nikimleta Elburgon utamuita nani? Yule wa jeshi?"

Nilitaka kumzaba kofi, na mimi si mama yake. Uchungu ni kwamba alisema kweli.

Wamaitha akaweka kikombe chini. Akafungua mdomo kulitaja, akaishia silabi ya kwanza. Akajaribu tena, akakohoa. Nikamshika mkono.

"Niache, Nangila."

Akainuka, akaenda mlangoni, akashika kiuno kwa mikono miwili. Nilikijua kile kisimamo. Ndivyo alivyokuwa akisimama zamani, kijana wake akiwa mdogo akicheza juu ya magogo, chai imeiva.

"Kihara!" akaita. "Wee Kihara! Kuja chai!"

Majirani wakachungulia. Akaita mara ya tatu, sauti ikakatika katikati, akairudia yote kutoka mwanzo. Machozi yalifika kidevuni na hakuyafuta. Mimi nililia waziwazi, sioni haya kusema.

Akarudi, akamchukua mtoto, akamgeukia Waithaka, mume wa Shiru.

"Leta kalamu. Andika nikiona."

Waithaka akaandika. Wamaitha akainama juu ya karatasi, akapitisha kidole chini ya herufi moja moja, kama anavyopitisha kwenye mbao. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Imenyooka," akasema.