Grafu Iliyonyooka

Mimi nimekulia dukani, Kasulu. Baba alikuja na biashara yake kutoka Tanga, na jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba mteja hununua kwa macho. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani niliharibiwa na kompyuta. Ujuzi ule nilikwenda nao mwenyewe, mzima mzima.

Tulikuwa kidato cha sita, mimi na rafiki yangu wa dawati moja. Kwao ni Kasanda. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, wakapewa uraia, wakalima. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao na darasa lilimcheka, lakini ikifika fizikia wote tulinyamaza, nami nilikuwa wa kwanza kunakili daftari lake. Alitaka kuisomea chuo kikuu. Baba yake alitaka asomee kitu chenye ajira ya karibu. Wakakubaliana hivi: akishinda mashindano yaliyokuwa yanakuja, ataendelea na fizikia yake, akishindwa, mjadala umekwisha. Alinieleza mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mashindano yenyewe waliyaita hakathoni. Yalikuwa ya siku mbili katika ukumbi wa chuo kimoja hapo Kasulu, kila mwanafunzi na mradi wake wa kompyuta za kwantamu. Kompyuta hizo hatukuwahi kuziona. Ziko ng'ambo, sisi tuliandika programu zetu kwenye kompyuta za kawaida, tukazijaribu kwanza kwenye programu ya kuigiza, kisha tukazituma kwa mtandao kwenye mashine ya kweli na kungoja foleni. Mshindi alikuwa mmoja tu, na zawadi ni mafunzo ya miezi mitatu Dodoma.

Rafiki yangu alitafuta njia fupi ya gari la chanjo kupita vijiji vya Gwarama na Kasanda. Mimi nilitafuta njia ya lori la maharage kutoka Kagerankanda. Hata wazo langu hilo lilianzia kwake.

Siku ya pili asubuhi majibu yake yakarudi. Njia bora ilionekana kwenye grafu, ila nguzo yake haikuwa ndefu sana, na pembeni kulikuwa na vinguzo vingi vya njia za ovyo. Mashine za kweli ndivyo zilivyo. Unaiuliza mashine swali moja mara elfu, na mara nyingine inateleza. Ni kama kupepeta maharage, makapi mawili matatu hubaki kwenye ungo. Mwezeshaji alikuwa ametuambia hilo siku ya kwanza, harakaharaka, wengi wakiwa wanahangaika na chai. Mimi nilisikia.

Yangu hayakurudi. Mvua ilishuka juu ya mabati mpaka tukawa tunapigiana kelele, mtandao ukakatika, na jaji pekee aliyezijua mashine hizo, ambaye alikuwa aungane nasi kwa video kutoka Dar, akapotea nao. Tukabaki na majaji wawili waungwana wa mjini, mmoja wao bwana shamba. Nikachukua grafu ya programu ya kuigiza, ambayo yenyewe haitelezi, nguzo moja ndefu imesimama peke yake, nikaandika juu yake: Majibu ya mashine halisi.

"Hii imenyooka," bwana shamba akasema. Kisha akamgeukia rafiki yangu kwa huruma. "Ya kwako, binti, bado ina takataka."

Rafiki yangu akajaribu kueleza, woga ukamvuruga maneno, mtu akacheka nyuma, naye akarudi kuketi. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha. Mimi, ambaye hata mwalimu mkuu alishindwa kuninyamazisha, nilikaa kimya.

Barazani, tukingoja mvua ipungue, akaniuliza, "Dada, uliwezaje wewe? Yako haina hata uchafu kidogo."

"Utakuwa ulikosea mahali," nikamwambia. "Kakague programu yako."

"Nitaikagua," akasema. Kisha akanikumbatia, akanipongeza.

Dodoma, wiki ya kwanza, mwalimu alituonyesha majibu yaliyotoka kwenye mashine halisi. Yalikuwa na vinguzo vilevile vya ovyo kama vya rafiki yangu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi darasani. Simu ilikuwa mfukoni. Ningempigia, nafasi ile ingekuwa yake, na mimi nafasi ile niliipenda.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imenifikisha chuo kikuu, mwaka wa tatu, kozi ya fizikia. Sijui wahenga walikuwa wanamsema nani.

Likizo iliyopita nilipanda basi mpaka Kibondo kwenda kumwambia ukweli. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Siku hizi anauza mbegu na dawa za mimea katika duka la pembejeo. "Mwakeye!" akanilaki kwa salamu ya kwao, akaniwekea kiti nyuma ya kaunta, akanifungulia soda. Kabla sijasema lolote akavuta droo, akatoa daftari lililochakaa pembe zote.

"Programu yangu ile," akasema. "Nimeikagua mpaka nimechoka. Miaka yote hii sijaona nilipokosea. Wewe uko chuo, dada, nionyeshe."

"Na kama hukukosea?" nikamuuliza.

Akaacha kutabasamu. "Usiseme hivyo. Kama sikukosea, basi fizikia niliiacha bure. Hilo siliwezi. Bora kosa liwepo."

Nikajiambia kwamba ninamhurumia. Uongo, nilikuwa ninajihurumia mwenyewe. Nikashusha kidole ukurasani mpaka kwenye mstari mmoja wa katikati, mstari usio na kosa lolote.

"Hapa," nikasema. "Alama hii ingekaa upande wa pili."

Akauinamia kwa muda mrefu. Aliyenifundisha mimi alama hizo ni yeye, lakini mimi ndiye niliyekwenda chuo, akaniamini. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akacheka mpaka mteja mlangoni akacheka naye. "Kumbe hapo tu!" Akachukua rula na kalamu, akaukata mstari ule taratibu, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru.