Kila Ng'ombe Kilo Mia

Fyuuuu! Ndivyo mtungi ulivyopumua mtaalamu wa chanjo alipofungua mfuniko, moshi wa baridi ukamwagika hadi kwenye viatu vyake vilivyong'aa. Watoto wa kijiji cha Mbingu wakapiga makofi. Mtaalamu akainamisha kichwa kuyapokea, utadhani moshi ule aliutoa tumboni mwake.

Mimi nilikuwa na cheti cha la saba, daftari, na ndoto ya kuwa daktari wa ng'ombe. Nilichukuliwa kutoka Ifakara nije kuzungusha utepe kwenye vifua vya ng'ombe, maana kifua ndicho kinachotaja uzito, kisha niandike kilo. Chanjo ile ya ndigana, homa ya kupe inayoua ng'ombe, ni ugonjwa wenyewe: vijidudu hai kutoka kwa kupe waliosagwa, vikagandishwa mtungini. Ng'ombe anachomwa ugonjwa chini ya sikio, papo hapo anachomwa dawa ya kuutuliza, mililita moja kwa kila kilo kumi. Dawa ikipungua, umemuua wewe.

Lakini utepe ulikuwa unamchelewesha mtaalamu, na kwa mwenyekiti kuku alikuwa jikoni.

"Macho yangu ni mizani," akasema. Kila aliyepita: "Mia! Andika mia!" Kwa ndama wadogo ilikuwa zawadi ya dawa ya ziada; kwa wakubwa, dawa pungufu.

Mzee mmoja wa Kisukuma akauliza, "Mtaalamu, na huyu mbwa wangu je?"

"Mia!" watu wakamjibu kwa pamoja.

Akaja bibi mjane na mtamba wake ambaye hajazaa bado, pekee aliyebaki baada ya ndigana kumaliza zizi. Nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu ndiye maziwa yetu yote ya kesho."

Nikazungusha utepe upesi, lakini mtaalamu hakungoja.

"Mia!"

"Samahani mzee, utepe unasema mia moja na sitini."

"Binti, huo utepe umesoma mpaka wapi?"

Watu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikaandika mia. Mtamba akachomwa mililita kumi, bibi akashukuru kwa mikono miwili.

Kuku alipoiva, mtaalamu aliondoka na kila aliyejua kunusa. Bibi alikuwa amekwenda kuteka maji, mtamba bado kafungwa kwenye nguzo. Nikavuta kwenye chupa mililita sita za dawa zilizopungua, nikamchoma shingoni kama nilivyomwona mtaalamu akifanya. Mtamba alicheua tu. Kisha nikafungua daftari, nikaifuta ile mia kwa mate hadi karatasi ikatoboka, na kando ya tundu nikaandika: mia moja na sitini.