Bomba la Inchi Moja na Nusu

Saa mbili asubuhi, gulioni Kiabakari, Dorotea Magesa amechuchumaa mbele ya turubai la midoli ya mitumba. Anavuta macho ya mdoli kwa kucha. La kushoto linang'oka. Analidumbukiza kwenye kipande cha bomba la plastiki alichotoa mkobani, nalo linapita na kuanguka chini.

“Huyu hapana,” anasema, na kumrudisha.

Mwenye turubai, Twalha, amemzoea. “Mama, utanifilisi wewe. Kila mdoli unayemshika lazima atoke kipofu.” Wateja wanacheka. Dorotea hacheki.

Bomba ni la inchi moja na nusu, baki la fundi. Kinachopita humo, anaeleza, kinaweza kumkaba mtoto. Kisichopita anakivuta, anakiuma, kisha anakidondosha kwenye mawe. Kikipona ndipo anauliza bei.

Dorotea, mwenye miaka 46, analea watoto wadogo nyumbani kwake Musoma, kwenye mtaa wa wachuuzi wa dagaa. Mama zao hudamka kuwahi mitumbwi na kumwachia watoto kwa shilingi elfu moja kwa siku. Walikuwa kumi na tisa. Leo wamebaki sita, na mtaa mzima unajua sababu.

Miaka mitatu iliyopita alihudhuria semina Bunda. Alifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, na kwamba vya kuchezea si lazima vinunuliwe, vinaweza kutengenezwa kwa vitu vilivyopo. Ushauri mzuri kabisa. Ila vilivyopo mtaani kwake ni vitu vya uvuvi.

Akachukua chupa ndogo za plastiki, akatia ndani risasi za nyavu, vile vipande vizito vya kuzamishia wavu, akazifunga ziwe kayamba. Risasi alipewa na jirani yake Jumanne, mvuvi, kiganja kizima, kwa furaha, kwa kuwa mtoto wake Amini alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa.

“Zilikuwaga zinalia vizuri kuliko za dukani,” anasema Dorotea. “Mtoto ukimtikisia huku, anageuka. Ukimtikisia kule, anageuka. Nikasema hapa nimepatia.”

Mfuniko mmoja ulilegea. Amini alikuwa na miezi kumi na minne.

“Nilikuwa nakoroga uji. Nikasikia kimya. Mtoto anayechezaga akinyamaza ghafla, mlezi unajua tu.”

Bodaboda ilipofika zahanati, Amini alikuwa ameshafariki. Dorotea alilala polisi siku mbili, mpaka Jumanne alipokwenda kueleza kwamba risasi zilitoka kwenye wavu wake na alizitoa kwa mkono wake. Dorotea akaachiwa. Jumanne akahamia kambi ya uvuvi kisiwani Rukuba, na nyumbani sasa haonekani ila mara moja moja.

“Alinitoa mimi,” anasema Dorotea. “Yeye nani atamtoa?”

Zile kayamba nyingine alizichoma zote. Kazi hakuiacha, ingawa wapo waliomshauri aiache. Mtoto Fredi, mwenye miaka miwili, aliletwa akiwa haongei. Sasa anamlisha mdoli wa kitambaa uji wa uongo na kumgombeza akikataa. Dorotea anasimulia haya kwa sauti ya chini, kana kwamba hana haki ya kuyafurahia.

Kinachomnyima usingizi ni mtoto mwingine. Samia, mke wa Jumanne, alijifungua tena. Yasmin ana miezi minane na anashinda mgongoni kwa mama yake kwenye vichanja vya dagaa, juani, moshi ukimwingia machoni. Kila asubuhi Samia anapita mbele ya mlango wa Dorotea. Mtaa bado unamwita Mama Amini. Dorotea amekuwa akimwamkia bila kumtaja jina, maana hilo halitoki mdomoni mwake.

Nyumbani, kwenye rafu, Dorotea ameweka vikombe vinne vya plastiki vinavyoingia kimoja ndani ya kingine. Vimepita mitihani yote. “Wa miezi minane anatakaga kushika, kugonga, kuchomeka. Vile ni vya Yasmin. Hakuna mwingine anayevigusa.”

Wiki iliyopita Samia alisimama mlangoni.

“Hilo bomba wanalolisema, linapimaga nini?”

Dorotea akamwonyesha. Samia akamteremsha Yasmin mgongoni, akashika mkono wa mtoto wenye shanga alizofungwa na bibi yake tangu siku ya arobaini. Akaikata kamba kwa meno. Akazidumbukiza shanga bombani, moja baada ya nyingine. Zilipita zote.

“Nikamwambia, karibu ndani, Mama Amini,” anasema Dorotea. “Jina limenitoka lenyewe, mara ya kwanza tangu mazishi. Akaniangalia sana. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake vichanjani. Bomba ameondoka nalo.”

Alilonalo gulioni leo ni jipya. Lile la kwanza hajalidai wala hatalidai.

“Nataka alirudishe mwenyewe, siku atakayomleta Yasmin. Nitamtolea vile vikombe avipime yeye, mimi nimekaa pembeni. Na akiona kimoja hakifai, akitupe, hata kama mimi nilishakipitisha.”