Mkungu wa Steji ya Ukunda

Mimi mtu akinisalimu huku macho yake yako kwingine, simwamini. Na yule kijana wa mipango ya mji alimjia mama yangu hivyo hivyo. "Shikamoo, mama," na macho yake yako juu kwenye matawi.

Mama yangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi steji ya Ukunda, chini ya mti wa mkungu alioupanda mwenyewe nami ningali nabebwa mgongoni. Aliumwagia maji ya kuoshea vikombe mpaka ukatoa kivuli. Na huku kwetu kila mtu ajua: ardhi yaweza kuwa ya mwingine, lakini mti ni wa aliyeupanda.

Kijana akaeleza. Vibanda vitaondolewa, katikati ya mji patandikwe matofali ya kabro, magari yapewe mahali pao, na mtu akishuka aende kwa miguu mpaka sokoni bila kukwepa bodaboda. Miti itabaki. "Huu ni wa nani? Mwenyewe tutamfikiria."

Tutamfikiria! Neno gani hilo?

Mama akanitazama, nami nikajua anakumbuka nini. Babu, kule Mwabungo, aliulizwa vivyo hivyo: minazi hii ya nani? Akajibu kwa fahari, yangu. Haukupita muda ukuta ukajengwa, minazi ikawa ndani, babu nje. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Wa Mungu," mama akasema. "Mimi nimeukuta."

"Wa Mungu tu huo," nikatilia nguvu. Nikamwona mama mjanja kwelikweli. Hawatupati!

Jirani yetu muuza juisi ya miwa, aliyekuwa akila mbaazi zetu kila asubuhi, akafuta mikono. "Mti wangu huo," akasema. Wallahi, hata kope haikumcheza. Nami moyoni nikamcheka: mjinga huyu, kaingia mtegoni kwa miguu yake.

Mtego wenyewe ndio huu. Kabro imetandikwa, watu wanatembea na watoto wao, mji umependeza. Natafuta kasoro mpaka leo na siioni, na hilo nalo lanikera. Mkungu umezungushiwa benchi, na kivulini jirani kapewa nafasi ya mashine yake ya juisi. Mama sasa hukaangia mahamri nyumbani Bongwe, na wanunuzi ni majirani wachache.

Juzi nilimleta mjini. Alishuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkungu, akaketi, akaweka mkono kwenye shina. Msichana anayehudumu pale akatujia.

"Shikamoo, mama. Samahani, hapa ni pa wateja."

"Marahaba, mwanangu." Mama akanigeukia. "Mwambie nani aliupanda."

Nikafungua kinywa. Jirani alikuwa kwenye mashine yake, anasukuma muwa, bila kututazama kabisa. Nikakumbuka tulivyosema mbele yake, mama na mimi, kwa vinywa vyetu.

"Tuletee juisi mbili," nikamwambia msichana, ili mama apate kukaa.