Nilichofanyiwa na mtu wa cargo Guangzhou kwenye majoho ya mahafali ya mdogo wangu Brazil

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa na hasira, nisiwafiche. Nimeiacha ipoe, imekataa kupoa. Lakini chumvi siongezi. Wa Guangzhou wanaomjua huyu mtu watanisahihisha nikikosea.

Mimi ni mtu wa Tanga, nakaa huku Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, miaka mingi. Kazi yangu ni kuzungusha wateja masokoni, kununua na kusafirisha mzigo.

Nina mdogo wangu wa kike, nitamwita Rehema. Alipata nafasi kupitia ubalozi, akaenda kusoma uuguzi Brazil. Chuo chenyewe ni cha umma, cha mkoa, ada hakuna. Msifikirie kijengo kimoja chenye geti. Kampasi zake ziko nne, kila moja mji wake, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya basi ya siku nzima. Ya Rehema ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo ya mbali.

Sasa kule wana utaratibu wao. Wanafunzi wanachangishana tangu mwanzo kwa ajili ya mahafali. Joho ni jeusi kwa wote, ila kiunoni kuna mshipi mpana wenye rangi ya kozi. Uuguzi kijani, uhandisi bluu, ualimu zambarau. Ukikosea rangi ni kama umemvalisha bwana harusi gauni la bibi harusi.

Rehema akasimama kwenye kamati yao akasema, kaka yangu yuko Guangzhou, atatushonea vizuri kuliko hawa wa kukodisha. Kuna walioguna. Mgeni peke yake darasani, na anataka kubeba mahafali ya watu? Akawaambia kaka yake hatawaangusha. Mwisho wakakubali, wakawaambia na wenzao, kampasi zote nne zikaingia kwenye oda.

Wakuu, ile kazi niliifanya kwa moyo. Nilikwenda mtaa wa Guangyuan Xilu kwa mama mmoja wa Kichina anayeshona majoho, nikagusa kitambaa mwenyewe, nikarudisha sampuli mpaka akanichoka. "Laoban, wewe unasumbua kuliko Warusi," akaniambia. Laoban ndiyo bosi kwa Kichina. Nikacheka.

Mzigo ulipokamilika nilikaa chini nikaupanga kwa mkono wangu. Kila kampasi mifuko yake. Kila mwanafunzi joho lake na mshipi wake pamoja, jina limebandikwa juu. Adresi nne. Nikaandika kwa maka peni nyekundu, Kiswahili na Kichina: USIFUNGUE.

Nikapeleka stoo kwa Abuu pale Dengfeng. Abuu ni mtoto wa Magomeni, anafanya cargo, tumekula naye Idi. Nikamwambia kwa mdomo pia, Abuu, huu mzigo si wa Kariakoo, uende kama ulivyo. Akanijibu, "Tulia laoban, mikono salama."

Nikatulia.

Kwa wasiojua biashara ya huku nielezee kidogo. Mzigo wa ndege unalipiwa kwa ujazo ukiwa mkubwa kuliko kilo zake. Kwa hiyo watu wetu wa nguo wana mtindo wa kutoa kila kitu kwenye mifuko, wanapanga shati na shati, suruali na suruali, wanakandamiza kwa mashine, linatoka robota gumu kama tofali. Likifika dukani Mtaa wa Kongo linafunguliwa, watu wanapanga upya. Hakuna anayeumia.

Abuu akafungua mifuko yangu yote. Majoho akayaweka na majoho kwa saizi, mishipi akaipanga kwa rangi, vibandiko vya majina vikaenda na mifuko kwenye takataka. Akakandamiza. Kisha adresi nne akazifanya moja, ya kampasi kuu.

Mimi nilijua robota zikiwa zimeshatua. Rehema alinipigia. "Kaka, wa kampasi kuu wanasema zimekuja robota zisizo na majina. Wameanza kugawana."

Nikaenda stoo. Nikamkuta anakunywa chai.

"Abuu, umefungua mzigo wangu?"

"Nimekusaidia bwana. Ulikuwa unasafirisha hewa tupu."

"Na adresi?"

"Chuo si kimoja? Adresi nne za nini? Hayo ni matawi tu, watagawana wenyewe."

"Ni miji minne, Abuu. Mahafali ni siku tofauti. Nilikuandikia usifungue."

"Si ndiyo wanavyoandika wote?" Akanisogezea kikombe. "Kaa unywe chai. Nguo tu hizo."

Nguo tu hizo. Mpaka leo nikilikumbuka hilo neno, mkono unawasha.

Kampasi kuu walikuwa wa kwanza kufanya mahafali. Walichagua saizi walizopenda, wengine walichukua mawili wapime, la pili halikurudi. Yaliyobaki yakapandishwa basi kwenda miji mingine. Rehema na wenzake ndio walikuwa wa mwisho, wakapokea makombo. Majoho yalipungua. Mishipi ya kijani ilikuwepo michache, ya bluu ilijaa tele, na pale hakuna hata mhandisi mmoja.

Ile siku walihangaika wakaazima kwa walimu. Likabaki joho moja, na watu wawili hawana. Mmoja ni Rehema. Mwingine ni binti ambaye wazazi wake wamesafiri kutoka shamba kuja kumwona.

Rehema akampa yule binti. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Wazazi wake wamekuja, Kaka. Wangu hawapo. Na mimi ndiye niliyesema hutatuangusha."

Alipanda jukwaani na gauni lake la Idi.

Wakuu, Mama yetu hakwenda shule. Baba alishatangulia mbele ya haki. Tangu Rehema aondoke, Mama alikuwa amepigilia msumari ukutani kando ya picha ya marehemu, anasema hapa ndipo atakapokaa mwanangu na joho lake. Mgeni akiingia anaonyeshwa msumari.

Picha ikafika kwenye simu ya jirani. Safu nzima ya watu wamevaa majoho, na pembeni kabisa, mwenye gauni la maua, ni mwanawe.

Mama akanipigia mimi. "Kwa nini wamemtenga? Amefeli?"

Nikamweleza. Mzigo, robota, kampasi, Abuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, baba." Mnaijua ile haya. Ni ya mzazi anayeona watoto wake wamekubaliana kumficha jambo.

Nilishonesha joho jingine na mshipi wa kijani, nikamwambia Rehema nakutumia, kapige picha umpe Mama. Akakataa. Akasema yeye si wa kuigiza mahafali, alishayamaliza yake mbele ya watu. Nilikasirika, kisha nikaona ana haki.

Abuu hajaomba radhi. Tukikutana mgahawani ananisalimia kwa sauti kubwa, na wenzetu wananiambia nisamehe, ni Mswahili mwenzetu, alikuwa na nia njema. Nia njema gani ya kufungua mzigo ulioandikwa usifunguliwe? Mbona mizigo ya Wachina haifungui? Anatufungulia sisi kwa sababu anajua tutaambiwa tukae tunywe chai.

Juzi shangazi kanipigia kutoka Tanga. Anasema majirani wanamuuliza Mama habari za Rehema, naye anawajibu bado anasoma, bado kidogo tu amalize.

Rehema ana cheti chake mkononi. Msumari bado uko pale ukutani, mtupu.

Funzo nililopata ni kwamba mzigo wenye majina ya watu usimpe mtu aliyezoea mzigo wa duka, hata kama mmekula Idi pamoja. Simama hapo hapo mpaka uone unapimwa na kuondoka.

Nanyi mliowahi kufunguliwa mizigo, mlifanya nini? Na mwenye maneno ya kumwambia Mama akayaamini, aniandikie hapa chini, mimi yangu yamekwisha.