Vichupa Vyeusi vya Mto Themi

Miaka ile ya ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa, kila mwenye Land Rover mbili alifungua kampuni ya utalii Arusha. Mimi nilikuwa dereva wa kampuni mojawapo, yenye nyumba ya wageni kando ya Mto Themi. Siku moja mtaalamu wa maji, mama mmoja mpole, alituita madereva wa kampuni kadhaa akatugawia vichupa vyenye dawa.

"Ninyi mnapita mtoni kila siku," alisema. "Choteni, fungeni, subirini siku mbili. Maji yakigeuka meusi, yana kinyesi."

Bosi wangu alifurahi. Alipiga picha na vile vichupa, akaibandika mapokezi ili wageni waone tunavyojali mazingira.

Nilichota mtoni upande wa juu, kabla ya kufika nyumba ya wageni, kisha upande wa chini, baada ya kuipita. Maji ya juu hayakubadilika. Ya chini yalikuwa meusi kama oili ya gereji kesho yake asubuhi. Nikarudi, nikapenya kwenye matete, nikalikuta bomba. Lilitoka kwenye shimo la vyoo vyetu, likitema uji wa kijivu na zile karatasi za waridi nilizokuwa nikitumwa kununua dukani. Nilitapika palepale.

Hatua chache chini, mama mmoja alikuwa akiosha mchicha wa kupeleka sokoni.

"Shikamoo, mama. Haya maji..."

"Marahaba, baba. Yananuka, eeh? Nifanyeje, maji ya bomba nyumbani hayatoki tangu juzi."

Akakung'uta fungu, akachovya lingine.

Nilimweleza bosi. Hakushtuka hata kidogo, alikuwa anajua.

"Wewe chota juu tu," alisema, akichokonoa meno. "Au kazi umeichoka?"

Wiki tatu nilichota juu. Kila nilipojaza fomu ya mtaalamu kwamba maji ni safi, niliisikia ile harufu vidoleni, hata baada ya kunawa kwa sabuni. Nyumbani mchicha ulinishinda. Mke wangu akadhani nadharau mapishi yake.

Wiki ya nne nilimwonyesha mtaalamu lile bomba. Watu wa afya walikuja, bosi akalazimishwa kuchimba shimo jipya, nami nikanyang'anywa funguo za gari. Nilikaa miezi miwili bila kazi, kisha nikapata kazi ya kuendesha gari la ofisi moja Njiro.

Kufukuzwa nilikusahau upesi. Kinachonitia kichefuchefu hadi leo ni kwamba bosi aliniagiza uongo huku akichokonoa meno, na mimi nikaenda kuuchota.